Marcel Hug: ni kiti cha kaboni au ni mikono? Naomba wajuzi wa mbio za viti mwendo

Uwanja_wa_Vumbi

Habari za muda huu wakuu. Naomba msaada wa wanaofuatilia mbio za viti mwendo kwa undani.

Nawanoa vijana wawili, mmoja daraja la T54 (mwenye misuli ya kiwiliwili), mwingine T53 (asiye nayo). Wote wanatumia viti vya mbio vya aluminiamu, vya mtumba. Kila ikioneshwa marathoni kubwa, ubishi unaishia kwa Mswisi Marcel Hug, yule wa helmeti ya rangi ya fedha. Vijana wanashikilia kwamba anashinda kwa sababu ya kiti cha kaboni kilichobuniwa na watu wa Formula 1, kwa hiyo mwenye aluminiamu hana chake. Mimi sikubaliani nao, lakini kijana anayetaka kuacha mazoezi huwezi kumjibu "sikubaliani" ukanyamaza.

Naomba kujua safari ya Hug kabla na baada ya hicho kiti. Halafu, na hili ndilo kubwa zaidi kwangu: anafanya nini ambacho mwenye kiti cha kawaida anaweza kukiiga, kwa vipimo kabisa? Matatizo yetu ni matatu. Viti vinavuta upande. Mikono inateleza kwenye ringi ya kusukumia kasi ikishakolea. Na kwenye kona ya uwanja mmoja wao inambidi aache kusukuma ili ashike usukani.

Mfuatilia_Marathoni

Mkuu, wajibu vijana kwa tarehe.

Kiti wanachokisema kinaitwa OT FOXX. Kimetoka Orthotec, karakana ya Nottwil kwenye kituo cha Uswisi cha watu waliopooza, wakishirikiana na Sauber wa Hinwil (hao ndio waliokuwa wakiendesha timu ya Formula 1) na Swiss Side kwa upande wa upepo. Kimeingia mashindanoni 2021. Sasa hesabu alichokuwa nacho Hug kabla ya mwaka huo.

Alizaliwa 16 Januari 1986 akiwa na mgongo wazi, akakulia Pfyn, jimbo la Thurgau. Kiti cha mbio alianza kukikalia akiwa na miaka 10, na kocha wake Paul Odermatt alikuwa naye tangu utotoni. Athens 2004, akiwa na miaka 18, alichukua shaba ya mita 800 na ya mita 1500. (Athens hiyohiyo ndiyo Anne Wafula Strike aliiwakilisha Kenya kwenye mbio za viti mwendo, jambo ambalo huku kwetu halisemwi vya kutosha.) Baada ya hapo Hug alisubiri miaka 12 kupata dhahabu ya Paralimpiki. Miaka 12! Hapo katikati hakuwa amelala: mashindano ya dunia ya Lyon, 2013, aliondoka na dhahabu tano. Ila Paralimpiki ilikuwa inamponyoka.

Muoneshe kijana matokeo haya mawili. Marathoni ya Paralimpiki ya London 2012: David Weir wa Uingereza 1:30:20, Hug 1:30:21. Marathoni ya Paralimpiki ya Rio 2016: Hug kwanza, Kurt Fearnley wa Australia nyuma yake kwa sekunde 1. Kilomita 42 zimeamuliwa kwa sekunde moja, mara ya kwanza dhidi yake, mara ya pili kwa faida yake. Rio alichukua pia dhahabu ya mita 800. Marathoni ya Boston, Marekani, alikuwa ameshashinda 2015, 2016, 2017 na 2018. Yote haya OT FOXX haijazaliwa.

Ndipo ikaja 2021. Paralimpiki ya Tokyo alifagia mita 800, 1500, 5000 na marathoni. Tarehe 21 Novemba mwaka huohuo, Oita huko Japani, alimaliza marathoni kwa 1:17:47. Rekodi aliyoivunja ilikuwa ya Mswisi mwenzake Heinz Frei, 1:20:14, iliyowekwa palepale Oita mwaka 1999. Ilikaa miaka 22. Hapo kiti nakipa haki yake, kimemsaidia. Lakini kumbuka kwamba wapinzani wake wakubwa nao wamekalia kaboni, na bado anawaacha. Paris 2024 amechukua tena marathoni, ya tatu mfululizo.

Kitu kingine ambacho hakinunuliwi ni kuijua njia. Boston 2021, siku moja tu baada ya kumaliza wa pili Chicago, Hug alikuwa peke yake mbele. Karibu na mwisho akalifuata gari la kuongoza, akapita moja kwa moja mahali alipotakiwa kukata kulia. Akarudi njiani, akashinda kwa 1:18:11. Rekodi ya njia wakati ule ilikuwa 1:18:04, yake mwenyewe. Sekunde 7 zikamnyima bonasi ya dola 50,000. Vijana wako waizoee njia kabla ya siku ya mbio, hasa kilomita 2 za mwisho, kona kwa kona.

Boston 2024 sasa. Pale kituo cha zimamoto cha Newton, kona ya kulia, aligonga uzio na kiti kikapinduka. Maelezo yake mwenyewe ni kwamba alikuwa ameulemea usukani kwa uzito wa mwili, gurudumu la mbele likagoma kukata. Aliinuka akamaliza kwa 1:15:33, rekodi mpya ya njia, akiipunguza ya kwake ya 2023 (1:17:06) kwa dakika moja na nusu. Huo ni wastani wa kilomita 33.5 kwa saa kwa umbali wote. Boston inashuka kuelekea mjini, ndiyo maana haihesabiwi rekodi ya dunia, lakini mteremko huohuo ndio unaopindua watu.

Fundi_Spoku

Naanza na kuvuta upande, maana hiyo inakula kasi kila mita na mwenye kiti anadhani amechoka.

Kwanza hakikisha ni kiti na si ardhi. Kwenye sakafu tambarare mwanariadha apate mwendo, aachie mikono, aserereke mita 20 hadi 30. Ageuze arudi njia ileile. Kikivuta kushoto kwake mara zote mbili, tatizo ni kiti. Kikivuta kushoto kwenda na kulia kurudi, sakafu imeinama. Barabara nyingi zimeinuka katikati ili maji yatoke, kwa hiyo usipime barabarani.

Ukishajua ni kiti, angalia upepo kabla ya kushika spana. Matairi mawili ya nyuma lazima yawe na upepo sawa kwa geji. Kuminya kwa kidole gumba hakutoshi. Matairi haya ni membamba na yanabeba shinikizo kubwa, mengi ni psi 120 kwenda juu. Fuata namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, na usijaze hadi mwisho halafu ukakiacha kiti juani. Yenye tyubu za lateksi (mpira wa asili) hupoteza upepo usiku mmoja, hivyo hujazwa asubuhi ya mbio.

Halafu pima ulinganifu wa magurudumu ya nyuma. Kwenye kiti cha mbio magurudumu yamelala, juu yamekaribiana na chini yametanuka, nyuzi 11 au 12 kwa viti vingi, vingine hadi 15. Kwa sababu ya ulalo huo, kosa dogo la bomba la ekseli linayafanya magurudumu yatazamane mbele au yapeane mgongo, na yote mawili ni sawa na kuburuta tairi. Pima hivi: mwanariadha akae kwenye kiti kama anavyokaa mbioni. Weka alama ya chaki kwenye kila tairi, upande wa mbele, kimo cha ekseli. Pima umbali kati ya alama hizo mbili. Sukuma kiti mbele nusu mzunguko, alama zihamie nyuma, kimo kilekile, upime tena. Ukitumia alama zilezile, gurudumu lenye kuyumba halikudanganyi. Vipimo viwili vitofautiane chini ya milimita 2. Sifuri ndiyo tunayoitafuta. Mbele ikiwa ndogo, magurudumu yanatazamana. Legeza bolti za kubana bomba la ekseli, lizungushe kidogo sana, bana, pima upya.

Hapa ndipo viti vya mtumba vinaponasa watu. Mtu anabadilisha gurudumu la mbele la inchi 20 anaweka la inchi 18 kwa sababu ndilo lililopatikana. Pua ya kiti inashuka, bomba lote la ekseli linazunguka nalo, na magurudumu ya nyuma yanaanza kutazamana. Ukiinua pua yanapeana mgongo. Kwa hiyo kila ukigusa kitu chochote cha mbele, rudia kipimo cha nyuma. Ekseli ikiwa imechomelewa haizunguki, basi rekebisha kwa kimo cha pua.

Mwisho zungusha kila gurudumu kwa mkono likiwa hewani, sikiliza beringi. Mkwaruzo au kusimama ghafla maana yake ni vumbi au kutu. Beringi za kawaida zilizofunikwa hubadilishwa kwa fedha ndogo, na kwenye uwanja wa vumbi zinakufa mapema kuliko unavyotegemea.

Kona. Huyo kijana anayeacha kusukuma ili ashike usukani, kiti chake ama hakina kompensata ama ipo na haijawekwa. Kompensata inakaa juu ya bomba kuu: ncha moja imefungwa kwenye chasi, nyingine kwenye mkono wa usukani, ndani kuna springi na kwa nyingi shokapu ndogo ya mafuta inayoshikilia gurudumu lisitetemeke. Ina skrubu za kuweka kikomo cha pembe. Akiingia kona anaipiga kwa kiganja mara moja, gurudumu la mbele linakaa kwenye pembe iliyopangwa, mikono inarudi kwenye ringi. Akitoka kona anapiga upande wa pili, kiti kinanyooka.

Kuiweka: anzia njia (leni) ya 1 ya uwanja, mwanariadha akiwa ndani ya kiti. Hakikisha kwanza upande wa kunyooka umenyooka kweli, kwa jaribio la kuserereka la hapo juu. Kisha aingie kona polepole, apige, aachie usukani. Kiti kikienda nje, ongeza pembe robo mzunguko wa skrubu. Kikiingia ndani, punguza robo. Ukishapata mstari, rudia kwa kasi ya mbio, maana kwa kasi kiti hutoka nje zaidi kidogo. Andika idadi ya mizunguko ya skrubu kwa kila njia. Njia ya 6 ina kona pana kuliko ya 1, na kuanza kubahatisha dakika 10 kabla ya mlio wa bastola ni kujitafutia lawama.

Kuhusu kaboni: faida yake kubwa ni ugumu. Ukipiga ringi kwa nguvu, chasi laini inapinda na sehemu ya nguvu inapotea hapo. Lakini kanuni ni zilezile kwa wote. Gurudumu la nyuma lisizidi kipenyo cha sentimita 70 tairi likiwa limejaa, la mbele lisizidi 50, ringi moja tu ya kusukumia kila upande, hakuna gia, hakuna kioo cha kuangalia nyuma. Kiti cha aluminiamu kilichopimwa vizuri kinakipita cha kaboni ambacho magurudumu yake yanatazamana milimita 6.

Kocha_wa_T54

Fundi kamaliza chini, mimi nachukua mikono. Na hapa ndipo jibu lako la msingi lilipo, mkuu. Hug anawazidi watu pale mkono unapokutana na ringi.

Anza na hesabu. Gurudumu la sentimita 70, kasi ya Boston 2024, yaani mita 9.3 kwa sekunde. Ringi ya kipenyo cha sentimita 37 inazunguka ukingoni kwa mita 4.9 kwa sekunde. Mkono ukifika na kasi chini ya hiyo, unafunga breki. Ringi ya sentimita 41 kwa kasi ileile inakwenda mita 5.4 kwa sekunde, kwa hiyo ni ngumu zaidi kuikimbiza. Ndiyo maana ringi ndogo ni kama gia nzito: kuondoka ni kwa taabu, lakini mbele ya safari mkono bado unaifikia. Wanaoteleza "kasi ikishakolea" mara nyingi shida yao ni kwamba mkono umeshazidiwa na ringi, wala glavu haina kosa. Muweke kijana kwenye rola (magurudumu yanazunguka, kiti hakisogei), mpige video kutoka ubavuni, kisha itazame polepole: ukiona ringi inausukuma mkono mbele pale wanapogusana, umeipata shida.

Ili mkono ufike ukiwa na kasi lazima uanzie mbali. Nitatumia namba za uso wa saa, ukikiangalia kiti kutoka upande wa kulia (nasema namba zilizochorwa, si saa za Kiswahili). Mkono unashuka kutoka nyuma, kiwiko kikiwa juu kuliko mgongo, unagusa ringi kwenye 1. Hapo ni kupiga, kama ngumi, kwa uzito wa kiwiliwili kinachoshuka pamoja nao. Kutoka 1 hadi 3 nguvu ni ya kifua na bega. Kutoka 3 hadi 6 ni ya misuli ya nyuma ya mkono inayokinyoosha kiwiko. Kwenye 6 au 7 mkono unabanduka kwa kupepesa kifundo, na mpepeso huo ndio unaourusha mkono nyuma na juu ukajiandae tena. Wengi wanaachia kwenye 4. Wanatupa hadi robo ya ringi kila mpigo.

Kwa nini wanaachia mapema? Mara nyingi wamekaa vibaya. Akiwa ameinama kama mbioni, ngumi zake zifike sehemu ya chini kabisa ya ringi bila mabega kuvutwa. Akiwa juu mno hafiki. Chini mno viwiko vinabanana na mwendo wa nyuma unakuwa mfupi. Kiti cha mtumba kilichomzidi upana ndicho adui mwingine: nyonga ikicheza sentimita 2 kila mpigo, sehemu ya nguvu inaishia kuuhamisha mwili. Jaza pembeni kwa sponji ngumu, funga mkanda. Wa T54 mwenye misuli ya kiwiliwili apige magoti, anapata kushuka na kupanda na mpigo. Wa T53 hana misuli hiyo, kwa hiyo kifua chake kipumzike karibu na mapaja na kisinyanyuke; ukimlazimisha kuiga kiwiliwili cha Hug unamharibia. Kwake yeye iga mikono tu.

Glavu. Ngumu zinatengenezwa kwa chembe za plastiki zinazolainika kwenye maji ya moto ya nyuzi 60 hadi 65. Vaa glavu nyembamba ya pamba, funika kwa plastiki ya jikoni. Chovya chembe hadi ziwe angavu kama gundi, zikande ziwe bonge moja. Kunja ngumi kama umeshika mpini wa jembe, kidole gumba kimelala ubavuni mwa cha shahada, kisha zungushia bonge. Sehemu mbili zitakazogusa ringi, ubavu wa kidole gumba na pingili za kidole cha shahada, ziwe nene na bapa. Mpe mkono dakika kadhaa bila kuufungua. Kasoro zikionekana, chovya sehemu hiyo peke yake urekebishe. Kisha kwaruza sehemu za kugusia kwa msasa, paka gundi ya viatu pande zote mbili, subiri ikauke isinate kidoleni, bandika kipande cha mpira. Mpira ukianza kung'aa umekwisha, ubadilishe, usisubiri uchanike. Na usiache glavu hizi kwenye gari lililofungwa juani. Plastiki inayolainika kwa nyuzi 60 itakukuta imekuwa chapati.

Kuhusu kulemea usukani, kama Mfuatilia alivyosema kwa Boston: kwenye mteremko wa kilomita 50 kwa saa ringi ya sentimita 37 inakwenda mita 7.3 kwa sekunde. Hakuna mkono unaoifuata. Hapo mtu anaacha kusukuma, anajikunja, anaserereka. Kabla ya kona arudishe uzito nyuma kidogo, kidole kwenye breki, na breki ya viti hivi ni moja tu, ya mbele, kwa hiyo ishikwe kiti kikiwa kimenyooka. Ukiishika katikati ya kona gurudumu linasomba.

Uwanja_wa_Vumbi

Nimenakili yote, wakuu. Nitapima kwa chaki kesho asubuhi. Swali moja: mvua. Masika wanashindwa kabisa, ringi inakuwa kama imepakwa sabuni. Wakubwa wanafanyaje?

Mfuatilia_Marathoni

Nao inawaumiza, usidhani. Boston 2017 Hug alimaliza kwa 1:18:04. Boston 2018, mvua, baridi na upepo wa usoni, alishinda kwa 1:46:26. Mtu yuleyule, njia ileile, dakika 28 zaidi. Marathoni ya Paralimpiki ya Tokyo 2021 nayo ilikuwa ya mvua, akashinda kwa 1:24:02.

Kocha_wa_T54

Ulimbo. Wenzetu wanatumia nta nata ya skii au utomvu wa msonobari. Unapaka utando mwembamba kwenye ringi na kwenye mpira wa glavu, na ringi iwe kavu kabisa wakati wa kupaka, vinginevyo haushiki. Funika magurudumu kwa mifuko ya plastiki hadi dakika ya mwisho. Ukipaka nene unaleta shida ya pili: mkono unagoma kubanduka kwenye 7, mdundo unakatika, wakati mwingine glavu inabaki nyuma. Jaribu mazoezini siku ya mvua kabla ya siku ya mbio. Kipande cha mpira kiwe kipya, kimekwaruzwa. Mdundo wa mikono upungue, mpigo uwe mrefu na laini. Kupiga kwa nguvu kwenye ringi yenye maji ni kuteleza tu.

Bi_Tibamaungo

Ndugu zangu mmeongelea chuma na mikono, ngozi mmeiacha. Kaka mwenye uzi, kama kijana wako yeyote ana mgongo wazi kama Hug, au hana hisia miguuni, tafadhali soma hapa kabla ya kujaza hizo sponji.

Kiti cha mbio kinabana kwa makusudi. Mwenye hisia akibanwa anasogea. Asiye na hisia anakaa juu ya kidonda kinachoanza. Kila ukibadilisha chochote cha mkao, wiki ya kwanza asikae zaidi ya dakika 15 hadi 20 kwa mkupuo. Mtoe, kagua matako, magoti, mbele ya miundi na juu ya nyayo, hasa kwa anayepiga magoti. Kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo gusa: tafuta joto, ugumu au uvimbe kuliko sehemu ya jirani, na angalia palipoiva rangi zaidi. Alama isipoondoka ndani ya nusu saa, mazoezi ya kiti yasimame na sponji irekebishwe mpaka ngozi irudi kawaida. Kidonda cha shinikizo kinaweza kumtoa mwanariadha kwa miezi. Nguo za ndani ziwe hazina mshono nene, na jasho likaushwe.

Mabega. Kila mpigo unasukuma mbele, kwa hiyo mazoezi ya nguvu yaelemee kuvuta: kuvuta kamba au mpira kuelekea kifuani, kuzungusha bega kwa nje kwa uzito mdogo, kubana makombe ya mabega. Mimi hupanga mivuto miwili kwa kila msukumo mmoja. Maumivu ya juu mbele ya bega yanayomwamsha usiku si uchovu, mpunguzie umbali siku hiyohiyo. Mkumbuke pia kwamba baada ya mazoezi mikono hiyohiyo inasukuma kiti cha nyumbani na kumpandisha kitandani.

Na la mwisho, ambalo wengi hawalijui. Wenye mgongo wazi wana hatari kubwa ya mzio wa lateksi kuliko watu wengine, kwa sababu ya upasuaji na mipira ya hospitali tangu utotoni. Kocha ameshauri kipande cha mpira kwenye glavu, nami nimetaja mpira wa mazoezi. Kabla hujabandika, muulize yeye na mzazi wake: amewahi kuvimba midomo akipuliza puto, au kuwashwa na glavu za hospitali? Kama ndiyo, au kama hamna uhakika, tyubu za lateksi, glavu za lateksi na mipira ya mazoezi ya lateksi vitoke kabisa kwenye vifaa vyake, maana mzio huu unaweza kufunga pumzi. Tyubu za butili za baiskeli zinafaa kukatwa vipande vya glavu. Nunua mpya, hakikisha pakiti imeandikwa butili, na usichukue kiraka kilichokwisha kuzibwa, gundi na viraka vyake hujui vimetokana na nini.